Kiazi Alichokitaka Mama Mkwe

Kinyozi huyo walimwita Kimya, ingawa kazi ya kinyozi ni mdomo kama ilivyo mkasi. Msemaji wa nyumba alikuwa mkewe. Mkewe alipofariki, mama mkwe alikuja msibani na mfuko mmoja wa nguo, na matanga yalipokwisha hakuondoka. Alishika chumba cha uani, akafagia, akafua, na kila asubuhi wakaagana kwa heshima, kila mmoja akitazama pembeni.

Shida ilikuwa chakula. Bibi huyo alidonoa kama ndege. Kimya alipoona nguo zinampwaya, akajikaza.

"Mama, roho yako inapenda nini?"

"Usijisumbue, baba. Labda kiazi."

Jioni akarudi na viazi vitamu vyenye ganda jekundu, akavichemsha mwenyewe. Mama mkwe akashukuru, akamega kipande, akasukuma sahani. Siku nyingine akaleta vya njano, akavichoma kwenye makaa.

"Mungu akubariki, baba," na sahani ikabaki vilevile.

Kimya akaingiwa na unyonge. Huyu ananiona nilishindwa kumtunza mwanawe, akawaza, ndiyo maana chakula changu hakimshuki.

Aliporudi sokoni, muuza viazi akamwuliza mbona uso umekunjamana hivyo.

"Mama mkwe hali viazi vyako."

"Alitaka kiazi gani?"

"Kiazi si kiazi?"

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. "Ndugu yangu, paka na chui wote wana sharubu! Utawanyoa sawa?"

Akainama, akatoa kitu kirefu, kizito, ganda lake gumu kama gome la mti, limeota vijizizi.

"Hiki ni kiazi kikuu. Wazee wengi wakisema kiazi, wanasema hiki. Kile kitamu hutambaa chini, hiki hupanda juu ya miti. Kile ukibanwa na njaa utakitafuna hata kibichi. Hiki usithubutu! Na ukimenya, ute wake unawasha."

Hilo la mwisho Kimya hakulisikia vizuri. Jioni mama mkwe alimkuta jikoni na kiazi kikuu, akijikuna mpaka viwikoni, kisu kimeanguka sakafuni.

"Masikini! Si ungepaka mafuta kwanza?" Akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Akampaka mafuta, akaokota kisu. "Na mwanangu alikuwa hivihivi. Akiwashwa, analia. Nikawa nammenyea mimi mpaka akaolewa."

"Ndiyo maana hakuwahi kunipikia hiki."

"Hakuwahi?" Machozi yakamlengalenga bibi, akaendelea kumenya.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningesemaje? Mtu katoka kazini kachoka, ananipikia kwa mkono wake. Mgeni hachagui."

"Mgeni yupi? Humu ndani simwoni mgeni."

Bibi akainjika sufuria. Kilipoiva, akampakulia. Kilikuwa cheupe, kikavu, cha ungaunga kama mkate, sukari hakuna hata ya dawa. Kimya akatafuna, akatafuna tena.

"Sema kweli, baba."

"Kweli, mama? Hakina ladha."

"Basi kula hivyo vitamu vyako, mtoto wewe!" akasema, akajiongezea kipande, akala mpaka akalamba vidole.

Siku hizi jikoni mwao huwa na sufuria mbili. Wakila, bibi humsimulia jinsi mwanawe alivyokuwa utotoni, na Kimya, aliyekuwa hana maneno, humkatiza kila mara kuuliza ikawaje.