Jicho la Mama Linatoa Maji Tu

Kwenye kliniki ya mifugo walimwita Koleo, maana akishamshika mnyama, mnyama haponyoki. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa msaidizi wa pale: anafunga kamba, analaza, anashika kichwa, kisha anamwambia daktari, "Haya, kata." Madaktari walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Goti moja halikunjiki vizuri kwa mateke, naye husema shukrani ya punda ameshalipwa, hadai mtu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kumtambua mnyama anayeumia. Kipimo chake kilikuwa chepesi: anayeumia hurusha miguu. Daktari wa zamani, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akidunga sindano ya kulaza na basi. Punda anainamisha kichwa, mdomo unalegea, wanamwangusha na kumhasi. Punda hatikisiki. "Haumii," Koleo humwambia mwenye punda, na mwenye punda anaridhika. Nani atabishana na mtu wa kazi yake?

Ujuzi huohuo aliupeleka nyumbani. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi ukafungwa kabisa. Baada ya muda kitandani kidonda kilifunguka chini ya mgongo, kipana kama kiganja. Koleo na dada yake mdogo walikisafisha asubuhi na jioni. Dada anabandua shashi na kuosha. Koleo anamlaza mama ubavu na kumshikilia asigeuke.

Wiki ya kwanza tu dada alisimama na shashi mkononi. "Kaka, mama anatoa chozi. Tumwombe nesi dawa ya maumivu."

"Hilo jicho linatoa maji tu, halifumbi vizuri. Hata ng'ombe akilazwa jicho humtoka maji. Angeumia angejirusha."

Dada akamfuta mama kwa kitambaa. Tangu siku hiyo alimfuta kila mara, na hakusema tena. Na nesi anayezunguka majumbani alipouliza kila Jumatatu, "Mama ana maumivu?" aliyejibu ni Koleo. "Hana," anasema, na nesi anaandika hivyo. Ikaenda hivyo miezi minne.

Kisha kliniki ikapata daktari mpya, mwanamke mdogo kuliko binti wa kwanza wa Koleo, mwenye kimashine cha kuhesabu mapigo ya moyo. Punda wa kwanza wa kuhasiwa alipolazwa, daktari alikibana kimashine kwenye ulimi wake. Kikasoma thelathini na nane.

"Ameshalala, daktari. Kata."

"Bado, mzee. Hebu angalia hapa." Daktari alichukua koleo ndogo ya chuma akaminya ngozi ya korodani kwa nguvu. Punda hakutikisa hata sikio. Namba zikapanda: arobaini na tano, hamsini na mbili, sitini na moja.

Koleo alidhani mashine ni mbovu, akasema hivyo.

"Si mbovu. Sindano ile imemlegeza misuli na kumtia usingizi. Maumivu inayapunguza kidogo tu, kwa kisu haitoshi. Hapa nilipominya mshipa wa fahamu umepeleka habari uti wa mgongo, moyo umezipata, ndiyo unakimbia. Mwili ndio uliokosa nguvu ya kusema."

Akachoma dawa ya ganzi pale pale, akasubiri, akaminya tena. Thelathini na tisa. Ndipo akakata.

Koleo alishika kichwa cha yule punda mpaka mwisho. Wenzake walidhani anawaza wale punda wote wa miaka ishirini na saba. Laiti wangekuwa punda tu.

Jioni ile, dada alipoweka beseni la maji ya uvuguvugu kando ya kitanda, Koleo alimlaza mama ubavu kama kawaida, lakini mkono mmoja akauweka kwenye kifundo cha mkono wa mama, akatazama saa ya ukutani. Themanini. Dada akashika pembe ya shashi akaanza kuibandua. Uso wa mama ulikuwa umetulia kama kila siku. Chini ya vidole vya Koleo mapigo yalianza kukimbilia mia, yakapita mia na ishirini, yakawa hayahesabiki.

"Acha," alisema. "Usiguse. Anaumia."

Dada hakushangaa. Alirudisha shashi taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ulisema angejirusha," alisema. "Angejirusha vipi, kaka, na wewe umemshika?"

Koleo aliona aibu kumtazama mama, naye mama alikuwa akimtazama.

Kesho yake hakwenda kazini. Alifika zahanati kabla ya kufunguliwa, akamwambia nesi kwamba lile "hana" lilikuwa lake yeye, si la mama, alifute. Nesi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampeleka kwa daktari wa watu. Mchana alirudi na chupa ya mofini ya maji na maelekezo: kipimo kidogo, nusu saa kabla ya kusafisha.

Walimnywesha kwa kijiko, wakasubiri nusu saa kamili. Koleo akashika mkono. Themanini. Shashi ikabanduka yote, maji yakapita, themanini na nne, themanini na tatu. Alihesabu mara mbili asije akajidanganya tena.

Dada alipomaliza kufunga kidonda, alichukua kitambaa kwa mazoea na kukipitisha chini ya jicho la mama. Akakitazama, kisha akampa kaka yake akishike.

Kilikuwa kikavu.