Chombo cha Mama Huruma Chachelewa Kutua

Wananchi wa Chilangala mnatangaziwa kwamba chombo cha anga kiitwacho Mkombozi kiliondoka sayari ya Mirihi Jumatatu asubuhi na kutua Mshtarii siku hiyohiyo, kabla ya adhana ya alasiri. Nahodha wake ni Dorika, Mama Huruma, ambaye yeye mwenyewe hajafika mbali kuliko hospitali ya Mkomaindo.

Dorika akiwa na korosho za kubangua, majirani huja kumsaidia bila kuitwa. Si kwa mapenzi, maana maganda yale huchubua vidole. Wanafuata hadithi anayosimulia, na chombo kikishatua tu, kila mmoja hukumbuka kwamba ameacha kunde jikoni.

Alhamisi kulikuwa na magunia mawili, ya wageni wa harusi ya Huruma keshokutwa. Mkombozi alikuwa anarudi Mirihi kwa njia ileile, na sasa, ndani ya hadithi, ni wiki ya tatu yuko angani. Abiria walishaoana na kupeana talaka.

Ndipo akapita Mwalimu Bartholomayo, mstaafu anayesahihisha hata matangazo ya msiba. Akasikiliza, akakohoa kisomi.

"Mama Huruma, kwenda siku moja, kurudi wiki tatu. Sayari zimehama?"

Mikono ikasimama. Bibiana, jirani mwepesi wa kuchoka, akaanza kutafuta kandambili zake. Dorika akalitazama gunia la pili, bado limeshonwa mdomo.

"Jumatatu korosho zilikuwa beseni moja, Mwalimu," alisema. "Vuta kigoda."