Siku Nilipomlisha Mgeni kwa "Hardly"

Aibu hii nimeificha tangu miaka ya tisini, na naisema leo kwa sababu mama mkwe mwenyewe ameanza kuisambaza sokoni Ifakara, basi bora mnisikie mimi kabla hajaitia chumvi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa pale Mchombe, msichana wa Form Four (kijivuno nilikuwa nacho, sikatai), na mama mkwe alikuwa ameniahidi kwamba siku Kiingereza changu kikionekana kina faida ataniruhusu niombe kazi ya kufundisha, la sivyo nitakwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kama wanawake wengine. Siku ikafika. Baba mkwe alimkaribisha mzungu mmoja, mtaalamu wa mpunga, mwembamba, mpole, akaandaliwa wali kwa kuku, nami nikakaa katikati yao kutafsiri, shingo nimeinyoosha.

Sahani ya pili ilipoisha mgeni akaniambia, "I can hardly eat." Sasa mimi (chekeni tu) nilijua hard ni nguvu, na ukibandika ly unapata kwa nguvu, kama quick na quickly, nikatangaza, "Anasema anaweza kula kwa nguvu kweli kweli." Mama mkwe akapiga kigelegele, akaleta kambale. Mgeni akala kwa adabu, jasho linamtiririka, akasema can hardly move, nikawaambia sasa ndiyo amechangamka, ukaja ugali, akasema can hardly breathe, nikasema pumzi anazo tele, zikafuata ndizi.

Baba mkwe, ambaye Kiingereza hakukisoma hata siku moja, akamtazama, kisha akanigeukia taratibu. "Mwanangu, hata ng'ombe akishiba hugeuza kichwa."

Nikakimbilia kamusi sandukuni. Hardly: kwa shida sana. Nilirudi nikaungama mbele ya wote, mama mkwe bado kashika mwiko, na mgeni alipoelewa akacheka huku amejishika tumbo, maskini, hata kucheka kulimuuma.

Wakati wa kuaga akatoa sentensi ndefu, na hardly nikaisikia humo ndani. Wote wakanitazama.

"Anasema asante," nikasema.

"Maneno yote yale?" akauliza mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Asante yao ni ndefu."

Kesho yake alfajiri nilikuwa shambani naamia ndege, kombeo mkononi, kamusi kwapani, nimeapa sitatafsiri tena neno nisilolifungulia kitabu. Nilianza na herufi A. Nilipofika H, mpunga ulikuwa umeshavunwa.