Wapangaji Wasiosikika

Upande wa magharibi wa Alexandria, ile ya Marekani, pale mabasi yanapogeuzia, kuna jengo la ghorofa ambalo jirani wa chini alikuwa hachoki kuwasifu jirani zake wa juu. Jina lake Haile, Mhabeshi mwenye teksi na masikio mepesi. Kila aliyekutana naye kwenye lifti alisimuliwa: hakuna kiti kinachoburutwa, hakuna ugomvi, hata kikohozi hakishuki. "Wale watu ni kama hawapo," alikuwa akisema, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Hao wasiokuwapo walikuwa Festus Mwakio na mkewe Nkatha. Festus ni Mkenya wa Wundanyi, kifua mbele, mdomo mbele zaidi. Kazi yake ni kupokea funguo za magari ya wageni katika hoteli moja na kuyapanga chini ya ardhi, na hutoka nyumbani alfajiri. Nkatha ni wa Nkubu, kule Meru, mwanamke mrefu wa maneno mafupi. Yeye alikuwa akilea wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, zamu ya usiku, na alirudi Festus akiwa anafunga kamba za viatu. Kwa hiyo kitanda chao hakikupoa miaka kumi na tisa. Usikimbilie kutabasamu. Kilikuwa cha moto kwa sababu huyu akishuka, yule anapanda.

Na kwa kuwa siku zote mmoja alikuwa amelala, au anataka kulala, au ndio kwanza ameamka na kichwa kizito, nyumba nzima ilijifunza kunong'ona. Binti yao Makena alikua akidhani Kiswahili ni lugha ya kunong'ona na Kiingereza ndiyo ya sauti. Hata sasa, mtu mzima anayefanya kazi yake katika mji wa Greenbelt, ukimsemesha Kiswahili kwa sauti anageuka kutazama kama kuna mtu ameamshwa.

Baadaye hata kunong'ona kukawa kazi. Wakikutana mlangoni, Festus aliinua kidevu kuelekea jikoni: chakula kipo. Akigusa sikio: Makena amepiga simu, ana habari nzuri. Nkatha akisugua macho kwa vidole viwili: niache, leo sina kitu. Basi, mazungumzo ya siku yamekwisha hapo, mmoja anashika lifti na mwingine anavuta pazia.

Mwaka huo wa kumi na tisa msimamizi wa Nkatha akamwambia kuna nafasi ya zamu ya mchana, aitafakari, atoe jibu akitoka likizo. Mwanamke mwingine angetia sahihi kabla wino haujatafutwa. Nkatha alikaa na jambo hilo. Alikuja kulisema alfajiri moja pale mlangoni, koti bado liko mwilini.

"Baba Makena, nikishika mchana tutakuwa macho pamoja kila jioni. Tutaongea nini?"

Festus alimwambia asimchekeshe, yeye na kukosa la kusema wapi na wapi. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ukweli ni kwamba alimtaka mkewe nyumbani jioni kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Miaka yote hiyo alikula chakula cha jioni akitazamana na mikrowevu. Ila mtu anayejisifu kwa kila kitu huwa maskini wa maneno madogo kama hayo, na Festus angekubali kung'olewa jino kuliko kulisema.

Makena, bila kujua kitu, ndiye aliyewakatia tiketi za kwenda kusini mwa Uhispania, zawadi ya kuadhimisha ndoa yao. Nkatha alizitazama akasema sawa, huko ndiko watajaribu. Wakiweza kukaa jioni pamoja, atakubali mchana. Wasipoweza, ni heri abaki na usiku wake, kuliko wageuke watu wawili wanaoangaliana kwenye kochi kama abiria wa treni.

Sasa kama hujafika huko, jua kwamba watu wa Uhispania ya kusini huanza kula wakati wewe umeshaota ndoto ya pili. Kipkemboi, rafiki wa Festus kanisani, alimwonya. Festus akacheka. Alisema ujana wake wote aliumalizia Voi, akicheza karata na watu wa reli, watu wa pwani wasiojua kulala, na usiku ulikuwa shamba lake. Majogoo wa Voi, alisema, walifika mahali wakawa wanamuuliza yeye kama wawike.

Wakapanda ndege uwanja wa Dulles, wakashuka, wakabadilisha, wakafika Málaga, mji mweupe wenye bahari mbele na mlima nyuma. Makena alikuwa amewapangia nyumba ndogo juu ya baa. Jioni ya kwanza wakaenda kukaa nje, kwenye uwanja wenye michungwa, watoto wa watu wakikimbizana kana kwamba kesho hakuna shule. Nkatha alikuwa macho makavu, kawaida yake, huo ndio ulikuwa muda wake wa kuamka. Festus aliagiza samaki kwa mbwembwe za mtu aliyezaliwa hapo. Samaki alipofika, Festus alikuwa ameshaweka paji la uso kwenye mkate.

Usiku uliofuata walikuwa Granada. Walikuwa wameizunguka ngome ya zamani ya Waarabu, Festus akisoma maandishi ya ukutani kwa kidole kana kwamba anaelewa, na jioni wakaingia kwenye pango moja juu ya mlima ambako watu wanacheza kwa visigino. Mwanamke mwenye gauni jekundu alizikanyaga mbao za sakafu mpaka vumbi likashuka darini. Wanaume walipiga makofi, mwingine akalia wimbo kama aliyefiwa. Festus alilala yote hayo, mikono imekunjwa kifuani, kama mzee wa kanisa. Makofi ya mwisho yalipovuma, akashtuka, akasimama, akasema "Amina" kwa sauti iliyofika kila pembe ya pango.

Watu walicheka vizuri, bila ubaya. Nkatha hakucheka. Alichukua mkoba wake tu, na kimya kile kilimtisha Festus kuliko kelele zote za visigino.

Wakaenda Ronda kwa basi, mji uliokaa juu ya jabali na daraja linalovuka shimo ambalo ukilitazama magoti yanakuomba ruhusa. Njiani milima yote imepandwa mizeituni, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Festus aliamka mapema siku hiyo, amechangamka, maneno yamemjaa mdomoni. Akageuka ampe mkewe. Nkatha alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu huo ndio uliokuwa usiku wake. Festus akavua koti akamfunika, kisha bila kufikiri akavua na viatu, akavishika mkononi, na kupita na soksi kwenda kumwomba dereva apunguze redio. Miguu ina kumbukumbu zake.

Jioni ile, wamerudi Málaga, Nkatha alisimama dirishani.

"Hata huku tumekuja na shifti zetu," alisema. Alisema kwa kunong'ona, na hakukuwa na mtu aliyelala.

Festus, mtu wa kujibu hata asichoulizwa, alizima taa. Alilala akihesabu siku zilizobaki, na hazikuwa nyingi.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mji ukafungwa. Maduka yakashusha milango, mitaa ikabaki na paka na jua. Siku zilizotangulia saa hizo Festus alikuwa akitoka peke yake kutembea, ili mkewe apumzike, kama afanyavyo Alexandria. Leo alisimama mlangoni na kofia yake, akamwona mwenye baa wa chini anavuta pazia lake mwenyewe na kupiga mwayo bila aibu. Mji mzima umelala mchana, waziri na mfagizi. Festus akajiuliza ni nani aliyemwambia kwamba mke akilala, mume lazima atoke. Akairudisha kofia kwenye msumari, akajilaza kando ya Nkatha, polepole, kwenye ukingo, kama mtu aliyepanda kitanda cha hoteli asichokilipia.

Waliamka pamoja. Jua lilikuwa limeshuka, chumba kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kila mmoja alimkuta mwenzake amefungua macho. Jambo dogo tu hilo, lakini walitazamana kama watu waliofumaniwa.

Wakashuka chini kwenye baa. Kwenye meza ya pembeni alikaa mzee aitwaye Eusebio na mkewe, wametandaza karata, wanasubiri wenzao wawili ambao hawakufika. Eusebio aliona Festus anavyoziangalia zile karata, akavuta kiti kwa mguu. Karata zenyewe zilikuwa za ajabu, zimechorwa vyombo: vikombe, sarafu za dhahabu, panga, na magongo mabichi. Festus akataka kucheka. Kisha yule mzee akanyanyua ya vikombe, akaitaja.

"Copas."

Festus akaketi. "Kopa?"

Maisha yake yote, tangu wale watu wa reli wamfundishe, alidhani kopa ni moyo. Kumbe ni kikombe cha watu. Mzee akaonyesha dhahabu, akasema oros, na Festus akaona uru, ile karata ya almasi. Akaonyesha panga, espadas, na hiyo ilikuwa shupaza iliyopigwa pasi. Kwenye magongo wakagombana. Mzee alisema bastos, Festus akakataa kabisa, akasema hizo ni pau, pau ndizo zinazoezekewa nyumba, na mchoraji mwenyewe amekiri. Mzee alipogeuza karata ya juu na kuitangaza triunfo, Festus alipiga meza.

"Turufu! Mama Makena, hawa wanaongea Kiswahili, ni vile tu hawakumaliza shule."

Wasomi watakwambia karata na majina yake vililetwa pwani na Wareno, na Mreno na Mhispania ni ndugu waliochangia ukuta. Sawa. Festus hakuhitaji msomi, alikuwa na kopa tatu mkononi.

Mchezo ulikuwa wa wawili kwa wawili, kila mtu na mkewe, wamekaa kukabiliana. Mke wa Eusebio akaeleza sheria kwa vitendo: ni marufuku kusema una nini, ila mnaruhusiwa kupeana ishara za uso, mradi adui asizione. Akakonyeza jicho, akavuta mdomo upande. Hapo Festus aliishiwa nguvu, maana umemnyang'anya mtu huyu mdomo, umemwachia nini?

Akanyanyua macho, akamwona Nkatha ng'ambo ya meza. Nkatha akainua kidevu kidogo kuelekea jikoni mwa baa.

Chakula kipo.

Ilimchukua Festus pumzi moja kuelewa kwamba mkewe ana turufu. Akacheza karata ndogo, Nkatha akaichukua raundi. Raundi nyingine Nkatha akasugua macho kwa vidole viwili, na Festus akajua hana kitu, abebe mzigo mwenyewe. Akaubeba. Eusebio alikodoa akitafuta konyezo. Alichokiona ni mwanamke mchovu na mwanamume anayetazama jikoni kwa njaa. Mke wa Eusebio hata alimwonea Nkatha huruma, akalaza shavu lake juu ya viganja kumwonyesha kwamba anaweza kwenda kulala. Nkatha alitikisa kichwa kwa adabu na kuchukua raundi yake.

Mwishoni mambo yakabana. Festus alikuwa wa mwisho kucheza, na mkononi ana dume la turufu, lisilopigwa na kitu. Taratibu akagusa sikio. Makena amepiga simu, ana habari nzuri.

Nkatha akaitoa karata yake nene kabisa kwa alama, ile ambayo mwenye akili timamu haiachii, akaitupa katikati ya meza, mbele ya maadui wawili wenye mate mdomoni. Eusebio akampa pole kwa macho. Festus akashusha dume lake, akazikusanya zote.

Na Nkatha akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, kilichogeuza vichwa mpaka kaunta. Festus alikuwa amekisahau kabisa. Alikisikia mara ya mwisho kabla ya Makena kuzaliwa, na mikono yake ikasahau kupanga karata.

Walitoka pale baa ikiwa bado imejaa. Walitembea ufukweni na kurudi, Nkatha akielezea mchezo upya kana kwamba Festus hakuwapo, Festus akidai sifa zisizo zake, wanakatizana, wanapinga. Mama mmoja akatokea kwenye roshani na kuwaambia "shii" kwa kidole. Wao, wa kunyamazishwa. Wakashikana mikono wakicheka kimyakimya mpaka kwenye ngazi. Hapo ndipo Festus alipolitoa lile jino.

"Mama Makena, miaka yote hii nakula jioni na mikrowevu. Haijawahi kuniuliza siku yangu ilikwendaje."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Nkatha alisimama kidogo kwenye ngazi. Kisha akamuuliza siku yake ilikwendaje. Festus akaanzia mwaka ule walipohamia Alexandria, na hata hivyo, ajabu, hakusinzia.

Walirudi, na kabla hajafungua begi Nkatha alimpigia msimamizi wake simu, akachukua mchana.

Wiki chache baadaye Haile alimkuta Festus kwenye lifti. Alimwamkia vizuri, akauliza hali, akavuta muda mpaka ghorofa ya pili. Kisha akauliza, kwa heshima, kana kwamba hasemi na mmoja wao, kama wale wapangaji wa juu wamehama. Maana hawa waliopo sasa wanapiga meza jioni, wanabishana mambo ya vikombe na pau za nyumba, na mwanamke wao ana kicheko kinachoshuka hadi kwenye sufuria za Haile.

Festus akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Walihama," alisema. "Walikuwa watu wazuri sana."