Goti Lililofungwa Bendeji

Mume wangu ni bingwa wa tenisi, na sijawahi kuona mtu anayechosha kama bingwa wa tenisi mwenye maumivu. Mashabiki walimpa jina la Kombora kwa jinsi anavyoupiga mpira wa kuanzia. Mimi ningemwita Spea, maana kila mwaka kuna kiungo kinachodai kubadilishwa. Baada ya ubingwa wa kwanza, bega. Lilipopona akatwaa wa pili, na kifundo cha mguu kikateguka akishuka jukwaani na kombe mkononi. Jukwaani, jamani! Hata mpira haukuwapo.

Kisha likaja goti la kulia. Daktari wetu akasema likiumia tena, tenisi basi. Kombora akaja na ujanja wake: tufunge bendeji goti la kushoto, lile zima, ili wapinzani wahangaike kumshambulia upande usio na kitu. Basi kila siku ya mechi nilipiga magoti sakafuni nikalifunga goti lisilougua, na lile lililovimba likabaki wazi. Niligomba mpaka sauti ikanikauka.

"Mama watoto, hii ni mbinu," alinijibu.

Na mbinu yenyewe ilifanya kazi, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ilimfikisha fainali. Akiwa amebakiza gemu mbili tu atwae ubingwa wa tatu, aliukimbilia mpira karibu na wavu, akatua vibaya, akachechemea hadi kwenye kiti chake. Daktari wa mashindano akaja mbio na mkoba wake, akaiona bendeji.

"Ni hapa?"

Mpinzani alikuwa kiti cha pili, anajifuta jasho, masikio ameyatega.

"Ndiyo, dokta," akasema Kombora.

Nilisimama kule juu kwenye viti vya watazamaji nikapunga mikono na kupiga kelele kuwa siyo hilo, ni la kulia. Mashabiki wakadhani nashangilia, nao wakasimama kupunga. Sindano ya ganzi ikazama kwenye goti la kushoto, lile zima.

Akarudi uwanjani na mguu mmoja unaouma na mwingine usiohisi kitu. Hakushinda hata gemu moja tena. Mwishowe alianguka, wakamtoa kwa machela.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza ndani ya gari la wagonjwa. Nilitamani kumzaba kofi.

"Angesikia."

Hospitalini nesi akamuuliza ni goti lipi na limeanza kuuma lini. Kombora akautazama mlango kwanza.

"Hapa hakuna mpinzani, baba," nikamwambia. "Sema."

"La kulia."

"Tangu mwaka jana," nikamsaidia, maana mimi ndiye niliyekesha nalo nikilikanda.

Akageukia ukutani.

"Hapana, nesi," akasema. "Tangu kabla sijamwoa huyu."