Maziwa Yale Yalikuwa Yangu, Si ya Atupele

Mnisamehe nimechelewa. Atu amezikwa wiki tatu sasa, nyote mmeshaandika, mmeshaweka picha na mishumaa, na mimi mliyekuwa mnaniita pacha wake nimekaa kimya kama simjui.

Siyo kazi, siyo bando. Ni aibu.

Nipo kliniki hapa Joburg, foleni haisogei, mtoto wangu wa pili amelala mgongoni. Kichwa changu bado kinakataa. Simu ikilia nadhani ni voice note yake: "We mwanamke wa Joburg, umenawa mikono?" Hilo la mikono ndilo alilotusalimia nalo pale kituo cha maziwa, kabla hata ya habari za asubuhi.

Kwa msiomjua: Atupele alikuwa mpokeaji wa maziwa wa kikundi chetu cha wafugaji kule Rungwe. Saa kumi na mbili asubuhi yupo mlangoni na koti lake jeupe, ananusa, anapima, anaandika.

Nilipopewa ng'ombe na kikundi sikujua hata kushika chuchu. Alikuja nyumbani siku kumi mfululizo. "Usivute kama kamba ya kengele, minya! Huyu ni mama mwenzio." Nilicheka mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke.

Akanifundisha kupanda majani ya tembo. Akawa anapita kila wiki kukagua banda. "Ng'ombe wako anashiba kuliko mume wako, shoga. Endelea hivyohivyo."

Kabla ya ng'ombe yule tulikula kwa kubahatisha. Baada yake mama yangu aliezeka bati. Naandika hili mjue alikuwa nini kwetu.

Kikundi kilikuwa na sheria isiyo na mjadala. Ng'ombe akichomwa sindano unamfunga kitambaa chekundu mkiani, na maziwa yake unamwaga mpaka siku alizosema bwana mifugo ziishe. Ukipeleka maziwa yenye dawa unafukuzwa, na ng'ombe anapewa mtu mwingine.

Wangu akaugua kiwele. Siku tano, akasema bwana mifugo.

Siku ya tatu nikakifungua kitambaa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, unga umeisha, na maziwa yalionekana meupe, safi kabisa. Nikajiambia dawa imeshatoka.

Atu alinitazama pale mlangoni. "Mama kijacho, siku zimeisha?"

"Zimeisha."

"Kweli?"

"Jamani Atu, mimi nikudanganye wewe?"

Akafungua mfuniko, akamimina tankini.

Kiwandani wakakuta dawa. Tanki zima likamwagwa, maziwa ya kijiji kizima. Gari la kiwanda halikuja tena wiki mbili. Watu wakawa wanakamua na kumwaga mtaroni, wengine wanalia.

Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti akauliza ni ng'ombe wa nani. Nilikaa safu ya pili, mkono juu ya tumbo. Atu akanitazama. Akasubiri. Alisubiri kweli, jamani. Mimi nikaangalia miguu yangu.

"Ni mimi," akasema. "Sikuwauliza watu vizuri. Nilizembea."

Wakamvua koti palepale.

Wiki iliyofuata akaja bandani kwangu kama kawaida, akainama kukagua kiwele. Nikaanza, "Atu, mimi..." Akanikata. "Kamua kwanza, mnyama wa watu anaumia."

Hakuniuliza mpaka anakufa. Na mimi sikumwambia. Miaka sita. Ile mimba sasa ni mtoto anayenijibu kwa Kizulu. Mimi nasuka nywele hapa Troyeville, miguu imevimba kila jioni. Mara ngapi nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nikabonyeza kurekodi, nikasema "Atu, kuna kitu...", nikafuta.

Na niseme ukweli, hata sasa ningenyamaza. Ningeweka mshumaa kama wengine.

Ila juzi Neema, mdogo wake, aliomba kazi ileile ya mpokeaji pale kituoni. Wakamjibu, "Ya dada yako tunayakumbuka." Eish. Hapo ndipo nilipoishiwa pa kujificha.

Wanakikundi mnaosoma hapa: ni mimi. Atupele aliuliza mara mbili, nikamdanganya usoni. Mlioandika "Mungu amsamehe kwa yale ya tanki" chini ya picha yake, futeni. Andikeni jina langu. Kazi mpeni Neema au mumnyime kwa sababu zake mwenyewe, siyo kwa hii.

Na kama sheria ni ng'ombe kuondoka, yule amezeeka, mchukueni mtamba wake. Mama nimemwambia. Amelia, amekubali.

Atu, sikuombi unisamehe hapa mbele za watu. Ningekuwa nakubebesha tena. Asante kwa zile asubuhi kumi. Pumzika, dada yangu. Hakuna tena wa kukugongea mlango na ndoo kabla hakujapambazuka.

Ninyi wengine, ninachohitaji bado mnitumie ni hiki. Siku na saa ya mkutano ujao wa kikundi. Namba ya mwenyekiti wa sasa, nimpigie kabla. Ile barua mliyomwachishia Atu kazi, ipigeni picha kurasa zote, nijibu kila mstari kwa jina langu. Na mtu mmoja mwenye simu yenye sauti kubwa, akae mbele karibu na Neema, aweke loudspeaker nikipiga, na asikate hata watu wakianza kunitukana.