Mia Moja Ndani, Themanini na Saba Nje

Shangazi yangu amefanya kazi ya ulinzi miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukamata mwizi hata mmoja. Analisema hilo mwenyewe huku anacheka. Kazi yake hasa ilikuwa foleni. Kampuni ilimpanga zahanati, ikampanga ofisi ya vitambulisho, ikampanga kwenye bomba la maji mwaka ule mabomba mengine yote yalipokauka. Kila alikopelekwa alikuta watu wamesimama, naye akasimama nao.

Ana utaratibu wake. Asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, anaingia ndani na kuuliza: leo mnazo ngapi? Fomu ngapi, dozi ngapi, madumu mangapi. Ukimjibu "zipo za kutosha" anakutazama mpaka utaje idadi. Kisha anatoka, anatembea kando ya foleni akihesabu vichwa kimoyomoyo, na akifika kwa mtu wa mwisho atakayepata anamgusa bega. "Wewe ndiye wa mwisho. Wa nyuma yako mnisamehe, leo hakuna. Nendeni mkafanye mambo yenu, msipoteze siku." Walimtukana, sikatai. Yupo hata aliyemtemea mate. Lakini kwake hakuna mtu aliyewahi kuchomwa na jua mpaka saa tisa ndipo aambiwe hakuna kitu. Watu wa zahanati wakamwita Mama Mwisho, na jina likamfuata kila lindo.

Mwaka jana wakamhamishia kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme. Nyumbani tulishangilia. Duka lina vioo mpaka juu, choo safi, na televisheni kumi na mbili ukutani zote zikionyesha samaki yule yule. Walimpa hata kiti, yeye ambaye magoti yake yalishaanza kulalamika. "Hapa nitazeeka vizuri," alisema, na sote tulijua amebakiza miaka mitatu tu astaafu.

Sasa nijiseme na mimi, maana nimo katika kisa hiki na sitoki msafi. Nashona sare za shule kwenye karakana, upande wa kola na mifuko, na jioni nacheza gemu ya mpira. Watu wakisikia mwanamke wa miaka thelathini na minne amepanga foleni ya mashine ya gemu, wanauliza ni ya mtoto gani. Sina mtoto. Ni ya kwangu. Ile ya zamani niliinunua ikiwa imeshatumika, inavuma kama feni iliyoingia mchanga, na mume wangu ananifunga mabao ya kipuuzi kwa sababu batani yangu ya kupiga shuti imekufa. Mpya nilikuwa nimeidunduliza mwaka mzima.

Na mpya haikupatikana. Maduka yote yalisema hazipo. Mtandaoni watu walikuwa wanararuana: hawa wanasema wanaozitaka ni wengi kuliko kiwanda kinavyoweza kutengeneza, wale wanasema zinafichwa makusudi ili tuzidi kuzitamani. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, tena kwa sauti kubwa. Niliwaita wale wengine wagonjwa wa kushuku kila kitu. Leo nikikumbuka nilivyowatetea wenye maduka bila hata kulipwa, natamani kujizaba kofi.

Mzigo ukaja dukani kwa shangazi siku ya Jumatatu. Jumanne niliomba ruhusa kazini, nikaenda kupanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa wa thelathini na nne. Shangazi aliniona, akanikonyeza, akapita. Hana upendeleo kazini, na mimi sikuutegemea. Saa tatu mlango ukafunguliwa. Walipoingia watu thelathini, meneja akatoka, mwanamume mwenye sauti ya upole na viatu vinavyong'aa, akamnong'oneza shangazi. Shangazi akaja mpaka kwa mtu wa thelathini, akamgusa bega. Halafu akatutazama sisi wa nyuma.

"Nisameheni. Zimekwisha. Nendeni nyumbani, msipoteze siku."

Nilikwenda. Neno la shangazi yangu lilinitosha. Mama mmoja mjamzito aliyekuwa mbele yangu alitaka kubisha, na mimi ndiye niliyemtuliza: "Huyu akisema zimekwisha, mama, jua zimekwisha." Jumatano wakarudia vilevile. Thelathini ndani, mlango ukafungwa, zimekwisha.

Alhamisi hawakutoa hata moja. Mawingu yalifunga, na shangazi akaenda stoo kufunga dirisha mvua isiingie. Nyuma ya makasha ya pasi akakuta makasha mengine, yamepangwa vizuri mpaka usawa wa kifua na kufunikwa turubai. Akafunua. Akahesabu. Akahesabu tena, maana hakuyaamini macho yake. Mashine mia moja kamili. Na yeye ndiye aliyesimama getini Jumatatu na kuandika kwa mkono wake kwamba zimeingia mia na sitini. Alikuwa amejiambia zilizobaki zimepelekwa tawi jingine.

Akamfuata meneja ofisini.

"Bosi, mbona zipo?"

"Zipo nini, mama?"

"Mashine za gemu. Ziko mia moja nyuma ya pasi."

Meneja hakukana. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Mwizi ukimshika anakana, anaapa, anakuletea majina ya watoto wake. Huyu alimvutia shangazi kiti.

"Kaa, mama. Ule mstari wa nje, mwezi uliopita ulikuwepo?"

"Haukuwepo."

"Mashine za toleo lililopita zilikaa pale dirishani miezi minne. Watu wanazipita hivi, hawageuki. Sasa hivi wanatupiga picha. Mtu yuko zake kwenye basi anauliza, jamani, pale kuna nini? Nikizitoa zote siku moja, kesho nani atasimama?"

"Na huko kiwandani, ni kweli ni chache?"

"Sijui, mama. Wanaonitumia mzigo wanasema chache, na wanasema toa kidogo kidogo. Huenda ni kweli. Huenda na wao wana stoo yao, wameziweka nyuma ya pasi zao." Akacheka.

Shangazi hakucheka. "Juzi nimemrudisha mama mjamzito. Nimemrudisha mtoto wa kaka yangu."

"Watarudi," meneja akasema kwa upole ule ule. "Ndiyo maana yake."

Jioni ile alikuja kwangu na sare yake, hakupitia hata kwake. Hakukaa. "Mwanangu, nimekudanganya," alisema, akanieleza yote akiwa amesimama katikati ya sebule, kofia mkononi. Sijawahi kumwona vile, hata tulipomzika babu. "Miaka ishirini na miwili! Nimewaambia watu dawa hakuna, na kweli dawa hakuna. Ndiyo maana nikilala nalala. Leo huyu kijana ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na mdomo wangu ndio anautumia kuwadanganya watu!"

"Shangazi, tuliza moyo," nilisema. "Ni gemu tu. Si dawa, si maji."

"Jua ni lile lile," akanijibu. "Na miguu ni ile ile."

Basi nikasema lile ambalo sikupaswa kulisema. Nilimshauri anyamaze, amalize miaka yake mitatu, na nikamuuliza kama anaweza kuniwekea moja pembeni. Alivaa kofia yake akaondoka. Chai niliyommiminia aliiacha mezani.

Yaliyotokea Ijumaa sikuyaona kwa macho, nilikuwa karakana natia mifuko kwenye mashati. Nimeyapata kwake, na kwa muuza magazeti wa kona ile ambaye hawezi kusema uongo kwa sababu hana ubunifu huo. Saa mbili na nusu asubuhi shangazi alihesabu mstari, akapata watu themanini na saba. Hakusubiri meneja amnong'oneze. Alisimama mbele yao, akapaza sauti yake ya zahanati.

"Jamani, nisikilizeni! Ndani zimo mia moja. Ninyi mko themanini na saba. Kila mmoja wenu atapata, na nyingine zitabaki. Hakuna haja ya kusimama juani. Kaeni pale kivulini, mlango unafunguliwa saa tatu."

Walipiga makofi. Mmoja alitaka kumbusu. Wakaenda kivulini, wakakaa kwenye ukingo wa maua, wakaanza kuongea, na hapo ndipo likatokea jambo ambalo shangazi hakulitarajia kabisa, maana maisha yake yote aliowaambia "mtapata" walibaki wakapata. Hawa walianza kuondoka. Mmoja alisema anakwenda kunywa chai, hakurudi. Mwingine akasema kama zipo basi atakuja mwisho wa mwezi. Wawili walipiga hesabu kwa sauti, wakaona bei ni kubwa mno kwa kitu cha kuchezea, wakaondoka pamoja wakicheka. Kijana aliyekuwa wa kwanza, aliyefika pale alfajiri na blanketi, alilikunja blanketi lake, akauliza, "Kwa hiyo mtu yeyote anapata?" Akajibiwa ndiyo. Akaenda zake.

Saa tatu mlango ulipofunguliwa waliingia watu kumi na tisa.

Themanini na saba ukitoa kumi na tisa ni sitini na nane. Sitini na nane! Wameamka gizani, wamedanganya kazini, wamegombana na wake zao, halafu wanaambiwa shika, na wao wanasema la, asante. Namkasirikia meneja, lakini hao nao nawakasirikia, kwa sababu wao ndio waliompa haki. Alisema wakijua zipo hawatasimama, na hawakusimama. Mtu mwenye hila akithibitika ana akili, kinachouma kinauma mara mbili.

Meneja hakupandisha sauti. Alipiga simu kwenye kampuni ya ulinzi, na saa nane msimamizi akafika na pikipiki na barua. Shangazi hakuiba, hakulala lindoni, hakulewa. Barua ilisema ametoa siri za mteja. Alipewa mpaka Jumatatu kurudisha sare. Kwa hiyo ukweli wa mlangoni sasa ni siri ya mteja, na mwanamke mwenye magoti mabovu anatupwa nje kwa kuwaambia watu wakae kivulini. Nilipopata habari nilishona mfuko juu ya mfuko, nikaharibu mashati manne.

Mwisho wote wa juma tulimzunguka kwa maneno matamu. Nilimwahidi nitawaandika mtandaoni, nitawaumbua, dunia nzima ijue. Alisema, "Haya, mwanangu." Sikuandika.

Jumatatu nilikuwa kwenye mstari.

Nilijiambia nakwenda kuangalia tu. Kisha nikaona bango jipya mlangoni, ZIMEBAKI CHACHE, na watu wameshajipanga. Nilijua ndani zimo themanini na moja, maana mwisho wa juma duka lilifungwa. Katika mstari ule hakuna aliyejua kuliko mimi. Bado miguu ilikwenda yenyewe, nikamuuliza mtu wa nyuma kabisa kama yeye ndiye wa mwisho, nikasimama. Nilihesabu waliokuwa mbele: ishirini na wanane. Kazini nilikuwa nimesema naumwa jino. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na aibu niseme, ulikuwa mwendo wa raha.

Shangazi alifika karibu saa tatu kukabidhi vitu. Alivaa gauni la kawaida na kandambili, na mkononi mfuko wa plastiki wenye sare, mkanda, kofia na zile buti nzito. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mpya, kijana, anawapangia watu mstari upinde mpaka barabarani ili uonekane mrefu. Shangazi alisimama akautazama. Akashindwa kujizuia.

"Jamani, msisukumane. Ndani zimo themanini na moja."

"Mama, foleni inaanzia kule nyuma," akasema mwanamume mmoja mwenye kofia ya pikipiki.

"Simo kwenye foleni, mwanangu. Nawaambieni tu. Zipo, wanazificha."

"Mnaiona janja hiyo?" mwingine akadakia. "Tukishakwenda kukaa, yeye huyo ndani!" Watu wakacheka. Dada mmoja akamshika mkono, akamsogeza pembeni, na kumwambia aheshimu umri wake. Mlinzi mpya alikuwa anatazama simu yake.

Ilihitaji sentensi moja tu. Huyu ni shangazi yangu na anasema kweli. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini niliwaza wataniona nami nimo kwenye janja yake, watanitoa, na mimi ni wa ishirini na tisa. Nikainamia kamba ya kiatu changu, nikaifungua, nikaanza kuifunga upya.

Nikaona kandambili zimesimama mbele yangu. Nikainua uso. Alikuwa ameshahesabu, niliona midomo yake inamalizia. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. Alinitazama kama alivyowatazama watu wote wa zahanati, mmoja mmoja, miaka yote ile.

"Usiwe na wasiwasi, dada," aliniambia. "Wewe utapata."

Akaingia ndani kurudisha buti. Na mimi nilipata. Nilitoka nimekumbatia kasha langu kifuani, na nyuma yangu mlinzi mpya alikuwa anawaambia watu zimekwisha.